Mita Kumi na Nne

Bigwa, Morogoro
Jumapili, 6 Aprili 2025

Mpwa wangu Mwanvita,

Shikamoo yako nimeiitikia kabla hujaituma: marahaba sana, mama. Najua unashangaa mjomba kukuandikia barua zama hizi wakati simu ninayo, tena ya kugusa, imepasuka kioo pembeni kidogo tu. Lakini juzi nilipokupigia ukiwa juu ya lile jiwe lenu la mtandao, nikasikia watu wanacheka nyuma yako. Nikauliza akina nani hao, ukasema ni foleni, kila mtu anasubiri zamu yake ya kupanda jiwe. Na mimi nilikuwa nimeshaanza habari za uchumba! Kinole nzima sasa inajua kwamba umemkataa yule mhasibu. Basi kuanzia leo tunaandikiana. Zuleha, mchuuzi wa huko Kinole, anashusha ndizi sokoni huku Jumanne na Ijumaa, atabeba barua zetu, na katika wanawake wote ninaowafahamu ndiye pekee anayeweza kukaa na jambo tumboni wiki nzima.

Huku nakusifu mpaka watu wananikwepa. Nimewaambia mpwa wangu anarusha droni milimani, anapima mashamba ya watu akiwa amekaa chini kivulini na kishikwambi mapajani. Baraka, huyu jirani mwenye bodaboda tatu, akaniuliza, "Sasa hiyo droni inaonaje mpaka wa shamba na shamba?" Nikamjibu kwa kirefu. Sikumbuki nilisema nini, ila aliridhika. Mimi si mtu wa kushangazwa hovyo, wewe unanijua. Nimejenga Mombasa, nimejenga Ndola, Lubumbashi nilipandisha ghorofa tatu bila kujua Kifaransa isipokuwa jinsi ya kuomba mchanga. Shule niliiacha darasa la sita kwa sababu mwalimu aliona namchosha. Lakini hili la mtoto wa dada yangu kuongea na setelaiti, hili limenishinda kulizoea.

Mwanangu Nassoro hajambo. Yuko kulekule Kihonda anaendesha mashine ya tofali za kufungana, zile zinazopandana bila udongo katikati. Nilikwenda kumcheka. Nikasimama pale saa nzima, nikarudi nyumbani nimenyamaza. Tofali mia nane kwa siku, na zote pacha! Nilimwambia tu kwamba tofali isiyoshikwa na mkono haina baraka, lakini moyoni nilisema, loh.

Kuna habari nyingine ndogo. Wamepita watu wa serikali na kopo la rangi nyekundu, wakaandika X kwenye nyumba za huku mtoni. Wanasema sheria inataka mita sitini kutoka ukingo wa mto, na nyumba kumi na moja zimo ndani ya hizo sitini, eti zibomolewe. Jirani yetu Mwalimu Elia kaandikiwa, Baraka kaandikiwa. Mimi usiwe na wasiwasi nami. Ile nyumba nani ataigusa? Tena wiki hii nimeipaka rangi ya maziwa upande wote wa mbele. Nimejisikia tu kuipaka.

Mama Nassoro anakusalimu. Kula vizuri. Ukishuka uje na mdalasini.

Mjomba wako,
Twalibu Kibwana, Fundi

*

Kinole
Jumanne, 15 Aprili 2025

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nikiwa nimekaa kwenye gunia la pilipili manga, nikacheka mpaka wenzangu wakataka niwasomee. Nimewasomea ya Lubumbashi tu.

Kazi inakwenda, ila si kivulini kama unavyowatangazia watu. Droni inapiga picha asubuhi kabla ukungu haujashuka, halafu siku nzima tunapanda na kushuka kuhakiki mipaka kwa miguu. Huku mpaka wa shamba ni mgomba, ni jiwe, ni pale alipoangukia fulani mwaka fulani. Picha haioni alipoangukia mtu. Mpaka tuwe na mzee mmoja anayekumbuka.

Nina shida, Mjomba, na nadhani wewe unaijua dawa yake. Watu wanaandikishwa ili wapate hati za kimila, na fomu inauliza jina la mmiliki. Wanaume wanakuja mbele na kutaja majina yao. Wanawake wamekaa nyuma, kimya. Ninajua, na wao wanajua, kwamba mashamba haya ni ya lukolo, ya ukoo, yanafuata tumbo la mama. Lakini mimi ni mtoto mbele yao, nikisema neno naambiwa nimeletwa kupima, sikuletwa kusema. Kuna mzee mmoja, mzee Mosi, ameniambia hivi: "Huu mdalasini nimeupanda kwa mikono yangu miaka ishirini. Nikifa wanakuja wapwa zangu kuchukua. Wanangu wapate nini? Andika Mosi." Nimeiacha fomu yake wazi. Tarehe ya mwisho ni Ijumaa ya wiki ijayo.

Nyumba ya Bigwa nimeifikiria sana. Sijaona mahali pengine ukuta wa tofali za kuchoma ulionyooka namna ile. Hata msimamizi wangu, ambaye hasifii kitu, aliwahi kuniambia aliyejenga pale si fundi wa kawaida. Rangi ya maziwa lazima imeipendeza.

Kuna jambo nataka kukuambia, lakini Zuleha ameshapakia, dereva anapiga honi. Nitakuandikia tena.

Mpwa wako,
Mwanvita

*

Bigwa
Jumanne, 22 Aprili 2025

Mwanvita mama,

Marahaba. Huyo msimamizi wako ana macho. Alipita lini Bigwa akaiona nyumba yangu? Hukuniambia. Angenikuta ningemwonyesha na lenta, maana kwenye ukanda wangu huo wa zege unaweza kuning'iniza ng'ombe.

Sasa sikiliza dawa. Kosa lako ni kuuliza kama fomu inavyouliza. Usimuulize mtu "mmiliki nani?" Muulize, "Shamba hili bibi yako gani alilima?" Utaona. Watataja bibi mpaka watokwe jasho, kila mmoja anataka bibi yake awe wa kwanza. Ukishapata bibi, uliza, "Binti zake wako wapi leo?" Watageuka wenyewe kutazama nyuma walikokaa wanawake. Halafu waite wajomba, uwakalishe mbele kwa heshima, maana kwetu mjomba ndiye msimamizi, ila tumbo ndilo lenye mali. Ukimpa mjomba kiti cha mbele atasema ukweli ili asikipoteze. Na hiyo fomu, nina hakika ina nafasi ya majina zaidi ya moja. Serikali haijawahi kutengeneza fomu fupi.

Huyo Mosi mwambie aache tamaa. Ardhi ya bibi zetu si ya kugawia watoto wa ukoo mwingine, na wanawe ni wa ukoo wa mama yao. Mambo gani hayo!

Sasa na mimi nina neno. Nimelizungusha wiki mbili na linanichoma. X imo kwenye nyumba yangu pia. Ile rangi ya maziwa niliipaka kuifunika. Wamerudi Alhamisi, wakaiandika tena, kubwa kuliko ya kwanza, imeanzia dirishani ikaishia mlangoni. Mama Nassoro anasema bora ningeiacha ile ndogo. Tumepewa siku thelathini, na Jumamosi ya tarehe 10 Mei kuna mkutano pale ofisi ya mtaa, afisa anakuja kusikiliza wenye malalamiko.

Malalamiko ninayo. Wamesema nyumba yangu ipo mita arobaini na sita. Kipimo chao kimelewa! Ile nyumba iko mita sitini, nilimwambia Mama Nassoro siku naijenga na ninawaambia watu mpaka leo. Mashine zao hizi zinapimia angani, kukiwa na wingu zinasoma vibaya, si ndiyo? Wewe unajua namna ya kulisema kitaalamu. Basi nimewaahidi majirani wote kumi kwamba mpwa wangu atashuka kutoka Kinole na kuwaeleza hao watu mbele ya hadhara kwamba vipimo vyao vimekosea. Mwalimu Elia alikuwa ameshaanza kufungasha vitabu, nimemwambia avirudishe kabatini.

Miaka kumi na moja nimeishi pale, mama. Kila tofali nimeigusa mimi. Njoo uniokolee nyumba.

Mjomba wako,
Twalibu Kibwana, Fundi

*

Kinole
Jumanne, 29 Aprili 2025

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo.

Naanza na jema. Dawa yako imefanya kazi kuliko mashine zetu zote. Nilipouliza bibi gani alilima, uwanja ulichangamka kama harusi. Mjomba mmoja alitaja mabibi saba kwa mpigo bila kuvuta pumzi. Akina mama wakahamia mbele wenyewe. Na kweli fomu ina nafasi ya majina mengi, iko ukurasa wa nyuma, na hakuna aliyekuwa ameufunua. Mzee Mosi wapwa zake walimwambia mbele ya watu, "Mjomba, ardhi ni ya bibi, lakini mti ni wa aliyepanda. Watoto wako watavuna mdalasini wako maisha yao yote." Tukaliandika hivyo. Alilia, na hakuna aliyemcheka. Kati ya mashamba mia mbili na kumi, mia moja sitini na manne yana majina ya wanawake. Msimamizi wangu ananiuliza nimejifunza wapi. Nimemwambia kwa fundi mwashi wa Bigwa.

Sasa jingine, Mjomba, na naomba ulisome umekaa.

Kipimo cha Bigwa hakijakosea. Nakijua kwa sababu nimekipima mimi. Kampuni yetu ndiyo iliyopewa kazi ya kupima ukingo wa mto mwezi Februari, na kipande cha mtaa wenu kiliniangukia mimi. Wewe siku hiyo ulikuwa kazini Kihonda. Nilisimama kwenye kona ya nyumba yako na kifaa mkononi, kikasoma mita arobaini na sita na sentimita ishirini. Nikarudia. Nikarudia tena. Wingu halikuwepo, na hata lingekuwepo lisingetoa mita kumi na nne.

Ningeweza kuandika sitini. Nani angerudi kuhakiki? Nilikaa na ile namba usiku kucha. Lakini nilikuwa na miaka kumi uliponishikisha timazi pale Kihonda, ukaubomoa ukuta wa mteja uliokuwa umefika kifuani kwa sababu ulikuwa umelala kwa upana wa kidole, na mteja mwenyewe alikuwa amesema hauna neno. Nikaandika arobaini na sita.

Kosa langu si namba. Kosa langu ni kunyamaza. Niliomba nipangiwe huku milimani ili X itakapoandikwa nisiwepo. Nimekula chakula chako toka mama afariki, umenisomesha kwa mwiko wako wa uashi, na nimekuacha ugundue ukutani kwako. Kwa hilo naomba unisamehe.

Tarehe 10 nitashuka ukitaka. Lakini nikisimama mbele ya watu nitasema arobaini na sita. Jambo moja nililiona kwenye ramani: kiwanja chako kinarudi nyuma mpaka mita themanini na tatu. Nyuma ya nyumba una nafasi.

Mpwa wako anayekupenda,
Mwanvita

*

Bigwa
Jumamosi, 3 Mei 2025

Mwanangu Mwanvita,

Naandika mimi, Mama Nassoro, mwandiko utanisamehe. Barua yako imefika jana. Mjomba wako ameisoma mara mbili, akaikunja, akaiweka kwenye kofia. Toka hapo hajasema kitu. Katika nyumba hii ukimya wa siku moja ni kama msiba, majirani wameanza kuja kuuliza kuna nini.

Leo asubuhi nimemwona anashuka mtoni na ile futikamba yake ndefu. Amefunga ncha moja kwenye mti wa ukingoni, akaja nayo taratibu mpaka kwenye msingi. Akatazama. Akairudisha. Akaanza upya.

Nikuambie na langu. Siku ile ya Februari ulipokuja nilikuwa nyuma nachambua mchicha, hukuniona. Nilikuona unapima mara tatu na kila ukimaliza unafuta uso. Nikajua namba imekataa kubadilika. Nikanyamaza na mimi, nikasema mwenye kazi atasema mwenyewe. Kwa hiyo kama ni kunyamaza, tumenyamaza wawili.

Mkutanoni usije kwanza. Mwache asimame peke yake. Nimeishi naye miaka ishirini na saba, najua akipima mara mbili kuna kitu anakitafuta, na si mita.

Usiache kula.

Mama Nassoro

*

Bigwa
Jumatatu, 12 Mei 2025

Mpwa wangu Mwanvita,

Marahaba, na samahani kwa kuchelewa. Nilikuwa na shughuli ya kunyamaza, kazi ngumu sana kwangu, sijawahi kuisomea.

Mkutano ulijaa. Afisa alikuja na ramani yake ameikunja kama mkeka, mwenyekiti wa mtaa akafungua, akasema wenye malalamiko waseme. Majirani wote wakageuka kunitazama. Nikasimama. Wakapiga makofi, maana nilikuwa nimewaahidi setelaiti.

Baraka akapaza sauti: "Fundi, mtaalamu wako yuko wapi?"

Nikasema, "Alishakuja. Alikuja Februari. Ndiye aliyepima."

Zikafumuka kelele. Baraka akasema, "Kumbe mpwa wako ndiye katuuza!" Mama mmoja akasema hata yeye ana wapwa lakini hawajafika huko. Nikawaacha wamalize. Nikasema hivi: "Jamani, ninyi wengine mmetoka mbali, desturi yetu Waluguru hamuijui. Kwetu mpwa akivunja chungu cha watu, haulizwi baba yake. Anaulizwa mjomba. Huyu ni mtoto wa dada yangu, alichofanya yeye nimefanya mimi. Basi mimi huyu hapa. Niulizeni."

Baraka akasema, "Tunakuuliza. Amekosea?"

Nikasema, "Hajakosea hata kwa unene wa kucha. Nimepima mwenyewe kwa futikamba juzi mara mbili, arobaini na sita. Na mara ya kwanza kabisa nilipima miaka kumi na moja iliyopita, siku nachimba msingi. Ikaja hivyohivyo."

Halafu Mwalimu Elia akaanza kucheka, kile kicheko chake cha kustaafu, mpaka akavua miwani. "Twalibu! Kumbe ulijua?"

Nilijua. Wewe umekaa na namba usiku kucha ikakuliza, mimi niliisoma mchana kweupe na nikamwambia mke wangu sitini. Kwa nini sikujenga nyuma, wakati kiwanja kilikuwa tupu? Kwa sababu ukijenga nyuma, mtu anayepita darajani haioni nyumba. Nilitaka kila anayepita aulize, "Ile ya nani?" na ajibiwe, "Ya Fundi Twalibu." Nimekula sifa za daraja lile miaka kumi na moja.

Na lile la mzee Mosi nimelitolea maneno makali, naomba umfikishie salamu zangu na umwambie nayameza. Mimi mwenyewe kiwanja hiki nilikinunua kwa kiu ileile yake. Ningejenga kule juu kwenye ardhi ya lukolo letu, nikifa ingekuwa yako wewe na watoto wako, na ni haki. Lakini nilitaka Nassoro apate mahali ambapo jina la baba yake limesimama. Yeye Mosi alilisema mbele ya watu. Mimi nililificha nikaanza kuwafundisha wengine desturi.

Afisa, si mtu mbaya, ana sauti ya mtu aliyetukanwa mitaa mingi. Alisema mwenye nafasi nyuma ya mita sitini anaweza kuomba kibali na kuhama ndani ya miezi mitatu. Wasio na nafasi wataorodheshwa kwa viwanja vingine. Orodha hizo tunazijua. Baraka ana nafasi. Saba wana nafasi. Mwalimu Elia kiwanja chake kinaishia mita hamsini na nane, kiti chake cha kulalia hakitoshi pale. Mzee kafundisha miaka thelathini na sita, ametoka Mbozi, huku hana shamba la bibi wala la mjomba. Nilimwangalia anavaa miwani yake pole pole.

Nikamwambia, "Mwalimu, kwangu nyuma kuna kona." Akasema, "Twalibu, usitoe ahadi nyingine mkutanoni." Watu wakacheka. Lakini hii nimeipima kwanza kabla ya kusema. Nassoro nilishampigia simu asubuhi ya siku hiyo, nikamwambia kitakachopungua kwenye urithi wake ni kona ya mashariki, hatua kumi na tano kwa ishirini. Akaniuliza, "Baba, ni ya Mwalimu?" Nikamjibu ndiyo. Akasema, "Basi na tofali zake nitatoa mimi." Vijana hawa wa mashine, tunawasema vibaya.

Baraka hanisalimii. Atasalimia nikianza kumjengea.

Sasa nikuambie kitu ambacho sikuweza kukisema mkutanoni. Nimejenga nchi nne. Nimefanya kazi na Wachina, Waitaliano, na Mgiriki mmoja aliyekuwa anapima kwa jicho na hakosei. Sijapata kumwona mtu aliyeshika kipimo kwenye kona ya nyumba iliyomlea, na asikiinamishe. Tena ana miaka ishirini na sita. Halafu mtu huyo ni wangu! Natembea hapa Bigwa na X kubwa nyuma yangu kama mtu aliyepewa nishani.

Ulinyamaza, ndiyo, na hilo lilinikata. Lakini mimi nimenyamaza miaka kumi na moja, sina mdomo wa kukulaumu miezi mitatu. Yameisha.

Mjomba wako,
Twalibu Kibwana

*

Kinole
Jumapili, 18 Mei 2025

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Barua yako sikuisoma kwenye gunia la pilipili, nilikwenda nayo mbali na watu.

Sina maneno makubwa, nina ya kazi. Ukiomba kibali, ambatanisha mchoro wa kiwanja wenye namba, Mwalimu Elia atakuandikia barua ya maombi, mwandiko wake watauheshimu. Na kona yake muichore humohumo, kabla mtu yeyote hajabadili mawazo. Usianze kubomoa kuta kabla kibali hakijatoka. Na ukipima, anzia ukingo wa juu wa mto, pale maji yanapofika masika, usianzie kwenye maji ya kiangazi. Hapo ndipo mafundi wengi wanapojipunja.

Mzee Mosi amepokea salamu. Amesema mjomba anayemeza maneno yake apelekewe kitu cha kusukumia. Zuleha ana fungu la mdalasini, ni lako, si la kuuza.

Nilisomea upimaji chuoni, Mjomba. Lakini mtu wa kusimama mbele ya watu kumi aliowaahidi na kuwaambia "nilijua", huyo sikufundishwa chuoni. Nimemwona kwenye barua yako.

Mwanvita

*

Bigwa
Jumapili, 15 Juni 2025

Mpwa wangu,

Marahaba! Kibali kimetoka. Wiki mbili tu! Karani amesema hajawahi kupokea barua ya maombi yenye alama zote za uandishi mahali pake, alidhani imetoka wizarani. Mwalimu Elia sasa anatembea kama yeye ndiye anayejenga.

Tumeanza kushusha. Bati zimeshuka zote salama, kenchi za paa zimeshuka, ukuta tunautoa tofali moja moja kutoka juu, tunakwangua udongo, tunapanga. Watu wanasimama darajani kutazama, wengi kuliko walivyopata kusimama nyumba ilipokuwa nzima. Jana mmoja aliuliza kwa sauti, "Hiyo ya nani inabomolewa?" Nikamjibu mwenyewe kutoka juu ya ngazi: "Haibomolewi, inahama!" Kati ya tofali zote, zilizovunjika ni tisini tu, na sabini kavunja Baraka, ambaye amekuja kusaidia bila kusalimia. Anatupa tofali kama anamtupia mtu.

Nassoro ameleta tofali zake za kufungana kwa ajili ya Mwalimu, lori zima. Nimejaribu kupandisha mstari mmoja nione. Dakika kumi, umenyooka, pima maji imetulia katikati. Nimeubomoa nikaupandisha tena polepole ili ionekane kuna ufundi. Nassoro akaniambia, "Baba, acha kuitesa." Ukweli nimeipenda ile tofali, ila usimwambie, kichwa kitamjaa.

Tumehamia kwa Mwalimu kwa muda, mpaka zamu yake ya kubomolewa ifike. Mama Nassoro bustani yake ya mchicha imepitiwa katikati na sebule mpya na hajanisamehe. Nimempa ahadi ya bustani mpya huku mbele, mto uko karibu, amwagilie anavyotaka, mchicha hauandikiwi X.

Jana nilikuwa tayari kuchimba msingi. Nimepima kutoka ukingo wa juu kama ulivyosema, nimefika sitini, nikaongeza mita moja ya heshima, nikapigilia vigingi vinne, nikafunga uzi. Nikashika jembe. Mama Nassoro akatoka jikoni kwa Mwalimu, akavuka uzi, akasimama katikati ya kiwanja na mwiko wa ugali mkononi.

Akasema, "Hachimbi mtu hapa mpaka Mwanvita apime."

Nikamwambia, "Mke wangu, nimepima mimi. Mimi ni fundi wa miaka thelathini!"

Akaniambia, "Ndiyo maana."

Basi nimeweka jembe chini, mama. Njoo Jumamosi.

Mjomba wako,
Twalibu